Umbali na Daftari: Gereza katika Maandishi ya Pwani ya Kaskazini, kutoka Kismayu hadi Unguja

Utangulizi

Fasihi ya gerezani inasomwa katika vyuo vyetu kwa njia moja tu. Tukifika kwenye diwani ya Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla au riwaya ya Haini ya Adam Shafi, tunaulizwa yale yale: jadili dhamira ya ukombozi, eleza ushujaa wa nafsineni, onyesha ukatili wa watawala. Tunajibu, tunapata alama, tunafunga kitabu. Hatuulizwi gereza lenyewe linaendeshwaje. Nani anashika daftari la majina? Nani anaamua mfungwa akae wapi? Chakula kinatoka wapi, barua inapita mikononi mwa nani, na siku ya kutoka inajulikana na nani?

Katika makala haya nitasoma maandishi machache kwa kufuata maswali hayo. Nimeyachagua kwa sababu yanagusa pwani ninayotoka, ile inayoanzia Lamu, ikapita Kiunga na Ras Kamboni, ikapanda kwenye visiwa vya Wabajuni vya Chula, Chovai na Koyama hadi mji wa Kismayu. Mimi ni mtoto wa Faza, na upande wa mama asili yetu ni Chula. Hoja yangu ni kwamba katika pwani hii serikali moja baada ya nyingine imeendesha kifungo kwa nyenzo mbili zinazotangulia ukuta na pingu, nazo ni umbali na daftari. Anayepelekwa mbali na watu wa kumuulizia, na ambaye jina lake halikuandikwa mahali panaposomeka, anaweza kufanywa lolote. Uhakiki unaotazama ushujaa peke yake hauyaoni haya.

Majina ya nyumba

Tuanze na lugha. Neno gereza, kwa maelezo ya wataalamu wengi wa asili za maneno, limetokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Ngome za Wareno zilikuwa na kanisa ndani yake, na kwa wenyeji waliozitazama kwa nje, nyumba ya ibada na nyumba ya askari zikawa kitu kimoja. Historia ikalithibitisha jina hilo: Ngome ya Yesu ya Mombasa ilitumiwa kuwa gereza tangu 1895 hadi 1958, na ngome ya Lamu tangu 1910 hadi 1984. Kwa miaka hiyo yote mtoto wa Lamu alipokwenda sokoni alipita mbele ya gereza, na mama wa mfungwa aliweza kusimama kivulini na kumuuliza askari anayemjua kwa jina. Gereza la katikati ya mji lina ukatili wake, lakini ni vigumu kumpoteza mtu ndani yake.

Majina ya siku hizi yana ahadi kubwa zaidi. Zanzibar gereza huitwa rasmi Chuo cha Mafunzo. Kenya, wito wa Idara ya Magereza ni Kurekebisha na Haki. Somalia, jeshi la magereza ni Ciidanka Asluubta, na asluub kwa Kisomali ni adabu, mwenendo mwema. Neno hilo limetoka katika Kiarabu, ambako mhakiki wa fasihi hulitumia kwa maana ya mtindo wa mwandishi. Kwa hiyo nchi tatu za pwani moja zimekubaliana, kwa maneno, kwamba mfungwa ni mwanafunzi. Raia wa kawaida naye ana msamiati wake. Mswahili husema mahabusu na Msomali husema xabsi, maneno ya mzizi mmoja wenye maana ya kuzuia. Majina ya serikali yanasema mtu atafanyiwa nini huko aliko. Maneno ya watu yanasema tu kwamba kazuiwa. Maandishi ninayoyasoma hapa yako upande wa watu.

Kismayu kama adhabu

Tawasifu ya Harry Thuku ilichapishwa mwaka 1970, mwaka aliofariki, kwa msaada wa mwanahistoria Kenneth King. Tunaisoma, kama tunaisoma, kwa sababu ya Nairobi: kijana mpokea simu wa serikali anaongoza chama cha East African Association, anapinga kipande, kodi na kazi ya kulazimishwa, anakamatwa tarehe 14 Machi 1922, na siku mbili baadaye polisi wanaufyatulia risasi umati uliokuja kumdai. Mary Muthoni Nyanjiru anaangukia hapo pamoja na wengine wengi. Wahakiki huishia kwenye damu hiyo.

Kwa swali langu, sehemu yenye uzito ni inayofuata. Thuku hakupelekwa mahakamani. Alipelekwa Kismayu. Mji huo, uliokuwa wakati ule makao ya mkoa wa Jubaland wa koloni la Kenya, ulitumiwa kama chumba cha gereza. Hapakuwa na haja ya ukuta. Mbele kulikuwa na bahari, nyuma nchi kavu ya ufugaji, na lugha ya wenyeji haikuwa lugha ya kwao. Kusi likishika, vyombo vidogo hukaa pwani, na habari hukaa navyo. Mfungwa mwenye hukumu huhesabu siku zilizobaki. Mtu aliyehamishwa kwa amri hana cha kuhesabu, kwa kuwa amri haina mwisho. Kizuizi cha Thuku kilidumu karibu miaka tisa.

Katikati ya miaka hiyo likatokea jambo ambalo halizungumzwi katika madarasa yetu. Kwa mkataba wa 1924, Uingereza iliipa Italia nchi ya Jubaland, malipo ya ahadi za Vita Vikuu vya Kwanza, na makabidhiano yakafanyika 1925. Kismayu ikaenda, visiwa vya Wabajuni vikaenda, na watu wa ukoo mmoja wakajikuta chini ya bendera mbili kwa mstari uliochorwa karibu na Ras Kamboni. Mfungwa hakuenda. Thuku aliondolewa Kismayu, na miaka yake ya mwisho ya kizuizi aliipitisha Marsabit, katika ukame wa kaskazini. Serikali iliyokuwa tayari kuutoa mji mzima pamoja na bandari yake haikuwa tayari kumtoa mtu mmoja. Nikiisoma tawasifu hiyo kama Mbajuni naona daftari mbili. Katika moja mna jina la Thuku, na dola inalilinda lisipotee. Katika nyingine mngepaswa kuwa na majina ya wenyeji wa visiwani, ambao hawakuulizwa kitu. Wa kwanza alifungwa mahali. Wa pili walibadilishiwa mahali wakiwa majumbani mwao.

Manda na Hola

Baada ya hali ya hatari kutangazwa Oktoba 1952, pwani yetu ilitumiwa tena. Kisiwa cha Manda, kinachotazamana na mji wa Lamu, kiliwekwa kambi ya wafungwa wa siasa kutoka bara. Gakaara wa Wanjau alikuwa miongoni mwao, na shajara aliyoiandika kwa siri ilitolewa kwa Kigikuyu mwaka 1983, ikapata tuzo ya Noma mwaka uliofuata. Kwa msomaji wa Lamu kitabu hicho kinashangaza. Mkono ule wa bahari tunaouvuka kwa mashua asubuhi na kurudi jioni, kwake ulikuwa mwisho wa dunia. Kisiwa ni kile kile. Tofauti ni nani anayeruhusiwa kupanda chombo.

Shajara ya Gakaara inafaa kusomwa kama daftari shindani. Msimamizi wa kambi ana rekodi zake: idadi, mgao, adhabu. Mfungwa naye ana yake, na ndani yake mna tarehe, majina na maneno yaliyosemwa. Umuhimu wa rekodi ya pili ulionekana Hola, kwenye Mto Tana, tarehe 3 Machi 1959. Wafungwa waliokataa kuchimba mifereji walipigwa, na 11 kati yao wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema watu hao walikufa baada ya kunywa maji. Ukweli ulijulikana kwa uchunguzi wa maiti na wa mahakama, na kufikia Julai jambo hilo lilikuwa likijadiliwa katika Bunge la Uingereza.

Ninaitaja Hola kwa sababu inaeleza umbali unafanya kazi gani katika uendeshaji. Taarifa ya maji haikuwa uongo wa kijinga. Ilikuwa uongo wa mtu anayejua kwamba kati ya kambi na msomaji wa gazeti kuna safari ndefu ya joto na vumbi, na kwamba anayeshika daftari ndiye anayesadikiwa kwanza. Na haikuwa siri ya askari mmoja mkali. Palikuwa na mpango wa kuwalazimisha wafungwa kufanya kazi, na mpango huo ulikuwa na idhini ya wakubwa. Tunapofundishwa kuandika kwamba mwandishi ‘amesawiri ukatili wa wakoloni’, tunageuza utaratibu uliotiwa saini kuwa tabia mbaya ya watu.

Karatasi ya Kamiti, ungamo la Unguja

Sasa turudi kwenye vitabu viwili vya mtihani. Abdilatif Abdalla alifungwa miaka mitatu, 1969 hadi 1972, kwa sababu ya waraka wake wa Kenya: Twendapi? Alihukumiwa na mahakama, kwa hiyo alikuwa na kitu ambacho Thuku hakuwa nacho, yaani tarehe ya kutoka. Sehemu kubwa ya kifungo chake alikuwa peke yake, na mashairi aliyaandika kwa siri kwenye karatasi za chooni. Diwani ikachapishwa 1973 na kupata tuzo ya fasihi iliyobeba jina la Jomo Kenyatta, rais yule yule ambaye serikali yake ilimfunga.

Habari ya karatasi za chooni imerudiwa mno hata imekuwa kama hadithi ya kupendeza. Inafaa tuichukue kwa uzito wake. Gereza lililomtenga mtu na watu na kumnyima kalamu bado lililazimika kumpa karatasi kwa ajili ya usafi. Hapo tunaona jinsi nyumba hiyo inavyotawaliwa: kwa kugawa na kunyima vitu vidogo vidogo, kila kimoja kwa kanuni yake. Ngugi wa Thiong’o naye aliandikia riwaya kwenye karatasi za aina hiyo hiyo, huko huko Kamiti, katika 1978. Waandishi wawili, gereza lile lile, karatasi ile ile. Hiyo si bahati. Ni dalili ya kanuni ambayo haikubadilishwa.

Lugha ya diwani inahusika pia. Abdilatif hakuandika kwa Kiswahili cha ofisi. Aliandika kwa Kimvita, lahaja ya nyumbani, na shairi kama ‘Mamba’ linamsema mtawala kwa mafumbo ambayo msikilizaji wa Mombasa huyafungua upesi. Wahakiki wengi wanaona hapo ufundi wa kuficha. Mimi naona zaidi jitihada ya kufupisha umbali. Mtu aliyetengwa na watu wake anachagua maneno ambayo hakuna wa kuyapokea ila wao, kana kwamba shairi lina anwani.

Katika Haini, iliyotoka 2003, hali ni ya namna ya tatu. Hamza anakamatwa baada ya kiongozi wa nchi kuuawa, na msomaji wa pwani anatambua mara moja Zanzibar baada ya tarehe 7 Aprili 1972, alipouawa Karume. Mwandishi mwenyewe aliwahi kuwa kizuizini wakati huo. Gereza la riwaya hii limejaa maandishi, na maandishi hayo ni ya kutengeneza: ungamo linatafutwa kwa mateso, linaandikwa, kisha linasomwa kama ushahidi. Katika kesi halisi ya uhaini ya Zanzibar, iliyosikilizwa kwenye mahakama za wananchi, washtakiwa hawakuwa na mawakili wa kuwatetea. Thuku alikuwa na daftari lisilo na tarehe ya mwisho. Abdilatif alikuwa na tarehe, akanyimwa kalamu. Hamza anapewa maandishi tele, na yote ni maneno ya watu wengine yaliyowekwa kinywani mwake. Umbali nao umebadilika sura. Hamza yuko kisiwa kile kile na nyumba yake, lakini hofu ya waliobaki nje imeitenga nyumba hiyo na gereza kuliko bahari ya Kismayu.

Ukuta unaogongwa

Somalia nayo ilikuwa na gereza lake la umbali. Siad Barre aliyeshika madaraka Oktoba 1969 aliwatuma wapinzani wake Labaatan Jirow, karibu na Baidoa, ambako watu walikaa miaka katika vyumba vya upweke. Miongoni mwao walikuwa vijana wa Hargeisa, walimu na madaktari waliokamatwa kwa sababu ya kujitolea kuitengeneza hospitali ya mji wao na kusema yaliyokuwa yakiharibika. Walibuni alfabeti ya kugonga ukuta. Dakta Adan Abokor aliporuhusiwa kitabu kimoja, riwaya ya Anna Karenina ya Tolstoy, alimgongea jirani yake Mohamed Barud, herufi baada ya herufi, mpaka riwaya nzima ikapita ukutani. Waliachiliwa mwaka 1989.

Kisa hiki kinapendwa kwa sababu kinasifu nguvu ya fasihi. Na kweli kinaisifu. Lakini kwa nini watu wasomi walilazimika kubuni alfabeti? Kwa sababu sera ya nyumba ile ilikuwa ukimya. Ukimya huo ulihitaji vyumba vilivyotenganishwa, zamu za askari, amri ya kuzuia wageni na bajeti ya kuyagharamia yote hayo. Leo Umoja wa Mataifa una Kanuni za Nelson Mandela za mwaka 2015, 122 kwa idadi. Zinakataza upweke unaozidi siku 15 mfululizo, zinataka kila anayeingia aandikwe kwenye rekodi inayoaminika, na zinasema mfungwa awekwe, kadiri inavyowezekana, karibu na kwao. Nikizisoma naona kwamba walioziandika walikuwa na hofu ya mambo yale yale mawili, umbali na daftari.

Nusu ya sauti langoni

Nani basi anasimama kwenye lango la Kismayu leo? Tangu serikali kuanguka mwaka 1991 mji umebadilisha mikono mara nyingi. Al-Shabaab waliushika 2008, wakatolewa 2012 na majeshi ya Kenya pamoja na washirika wao wa Kisomali, na utawala wa Jubaland ukaundwa 2013. Katiba ya muda ya Somalia ya 2012 inasema anayekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 48. Ni ibara nzuri. Lakini katika nchi ambamo ukoo ndio mlinzi wa kwanza wa mtu, saa hizo huhesabiwa na wazee wanaokuja kuuliza. Ukoo mkubwa una wazee wa kupeleka na wanasiasa wa kupigia simu.

Mbajuni ana nani? Katika mfumo wa kugawana madaraka unaoitwa 4.5, koo nne kubwa zina fungu moja moja, na jamii ndogo zote kwa pamoja zina nusu. Hiyo nusu ndiyo anayokwenda nayo langoni. Jamaa zake wengi walikimbia kwa vyombo tangu 1991, wakafikia kambi ya Jomvu, Mombasa, na kambi ilipofungwa wakatawanyika. Shangazi wa kumpelekea chakula yuko ng’ambo ya mpaka. Mjomba anayeijua lugha ya ofisi yuko Ulaya. Kwetu wazee wanapotaja mtu wa namna hii hawasemi amefungwa. Husema kapotea, neno lile lile wanalolitumia kwa mvuvi ambaye dau lake halikurudi. Zamani nililiona kama neno la kupunguza uchungu. Baada ya kuyasoma maandishi haya naliona kama uhakiki mkali wa uendeshaji: gereza lisilo na daftari la kuaminika halina tofauti na bahari.

Hitimisho

Msomaji anaweza kupinga kwamba ninaitoa fasihi nje ya fasihi, na kwamba kazi ya mhakiki ni lugha, muundo na dhamira, si ukaguzi wa magereza. Pingamizi hilo lina haki yake, na sipendekezi tuache kuusoma ufundi wa ‘Mamba’ wala ujenzi wa wahusika katika Haini. Lakini maandishi yenyewe yamejaa hesabu, tarehe, mgao, funguo na karatasi. Waandishi waliviweka humo kwa makusudi, na mhakiki anayeviruka akikimbilia ushujaa anakisoma kitabu nusu. Zaidi ya hayo, kumsifu shujaa mno kunaifariji serikali. Kunafanya ionekane kwamba wenye roho ngumu huokoka, na kwamba waliopotea hawakuwa na roho ya kutosha.

Napendekeza mambo mawili kwa wenzangu na kwa walimu wetu. Kwanza, maswali ya daftari na umbali yaingie kwenye semina zetu, na tawasifu ya Thuku na shajara ya Gakaara zisomwe pamoja na Sauti ya Dhiki na Haini, maana zote zinaeleza utaratibu mmoja uliorithiwa. Pili, wanafunzi tunaotoka Lamu, Kiunga na visiwani tuanze kukusanya masimulizi ya wazee wetu kuhusu waliofungwa na waliopotea upande wa Kismayu, kwa Kibajuni chao, na jina la kila mtu, mwaka aliochukuliwa, na mahali alipoonekana mara ya mwisho. Orodha zetu za kusoma hazina sauti hiyo. Anayetaka jina la kitaaluma ataiita kazi hiyo ukusanyaji wa fasihi simulizi. Kwa familia ya Chula itakuwa daftari.